Nani Anaizima Mashine

Jumatatu, 3 Machi

Sasa hivi mwanangu amechuchumaa mbele ya kompyuta, akaweka mdomo kwenye vile vitundu vya ubavuni, akaipulizia, fuu, fuu, kama ninavyompulizia yeye uji ukiwa wa moto. Kisha akanigeukia kuona kama nimemwona. Nimemwona. Nimecheka hadi nikashika ukuta. Nikasema siku ya namna hii isipite bila kuandikwa mahali, maana akikua hataamini.

Mimi si mtu wa kalamu. Shule niliiacha njiani, na mwalimu mmoja alikuwa akisema mwandiko wangu ni wa kuku aliyekanyaga wino. Basi kuku aandike.

Mvua zimeanza. Chumba chetu ni kimoja na kipande: kitanda upande huu, meza upande ule, na mlango mdogo wa jikoni. Mezani ndipo anapokaa Mfupi. Ndivyo tunavyoiita kompyuta yetu, kwa kuwa ni ile ndogo ya maofisini, nyembamba, inayolala ubavu kama kitabu kinene. Baba mtoto aliipata kazini kwao walipokuwa wakitoa vitu vya zamani.

Mpiga picha mmoja wa harusi, mimi namwita Dada Kamera, amekubali kunijaribu. Atanipa video zake nizikate na kuziunga hapa hapa nyumbani. Kazi hiyo naijua, nilijifunza bandani kwa kaka yangu kabla sijaolewa. Ila kamera yake mpya inatoa picha nzito, na Mfupi akizionyesha anashikwa na kigugumizi. Anahitaji kadi ya picha, ile inayoingizwa ndani imsaidie kuchora.

Baba mtoto amesema wazi, tena bila ugomvi. Mvua zikiisha kazi hii haijasimama, nitakwenda ghalani wanakotafuta wapanga mizigo, na mtoto atakwenda kulelewa kwa bibi yake mzaa baba, mbali, safari ya kutwa nzima. Mama mkwe keshasema yuko tayari. Yule mama akisema yuko tayari, yuko tayari kweli. Namwogopa. Nimeitikia sawa kwa mdomo. Moyoni nimesema hapa haendi mtu.

Jumamosi, 8 Machi

Kadi imekuja. Imekuja imefungwa ndani ya shati kuukuu, kaka kaikumbatia kama kichanga.

Kaka yangu ni fundi wa kompyuta, watu wote wanamwita Fundi, hata mkewe. Wazazi walipotutoka alikuwa hajaota ndevu sawasawa, akanilea. Nikisema kaka, humo humo nasema baba.

Akamfungua Mfupi. Mimi nimeshika tochi, mwanangu kashika mguu wangu. Nikamuuliza swali ambalo kila mteja alikuwa akiliuliza pale bandani: "Kaka, pawa yake itaiweza?" Pawa ni kile kisanduku kinachopokea umeme wa ukutani na kuugawia vyombo vya ndani. Cha Mfupi ni kidogo, chembamba kama yeye.

"Siku hizi umekuwa mteja?"

"Nauliza tu."

"Mdogo wangu, nikuuzie wewe mbuzi kwenye gunia? Itaiweza, na chenji itabaki."

Kadi ina tundu lake la kulishwa umeme, na pawa ya Mfupi haina waya wa kufika pale. Kaka akatoa waya wa kuungia, akachukua umeme kwenye waya wa diski.

"Huo si wa diski?" nikasema.

"Diski haina wivu."

Akawasha. Feni ikazunguka, picha ikatokea. Kwa mafundi, feni ikizunguka na picha ikitokea, kitu kimeuzwa, mtu anafunga skrubu na kunawa mikono. Kaka akafunga skrubu, akanawa mikono. Kwa malipo akachukua cherehani changu, maana wifi alikuwa akikililia siku nyingi. Alikibeba mwenyewe begani, akasimama mlangoni akaniambia, "Sasa fanya kazi, usiniaibishe."

Nilimwangalia mpaka akakata kona. Nilikuwa na furaha ya kijinga, nikamkumbatia mtoto hadi akalia.

Alhamisi, 13 Machi

Mvua kutwa. Picha zinateleza kama mafuta. Nimekata nusu ya harusi ya kwanza. Bwana harusi anakula keki huku kafumba macho.

Jumapili, 16 Machi

Leo nimemaliza kukata, nikaanza kuipika. Kuipika, ndivyo tunavyosema, ni pale mashine inapochukua vipande vyote na kuvifanya video moja. Ni kazi nzito, feni zote hupiga kelele. Haijafika mbali, Mfupi akazima. Hakulala wala hakuganda. Alizima, kimya, skrini nyeusi. Na mwanangu amesimama pale pale mbele ya kitufe, kidole juu.

Nikampigia kaka.

"Mtoto yuko wapi?" akauliza.

"Yuko hapa karibu na meza."

"Basi jibu unalo." Akacheka. "Huyo Bi Kidole wenu atatumaliza."

Jina likamganda mtoto saa hiyo hiyo. Hata baba yake aliporudi akamwita Bi Kidole, na mwenyewe anaitika.

Jumatano, 19 Machi

Amezima tena. Bi Kidole alikuwa chini ya meza.

Jumamosi, 22 Machi

Vipande vifupi vinapikika. Asubuhi hii nimepika shangwe za kuingia ukumbini na zimetoka safi, nikasema ugonjwa umepona. Mchana nikajaribu yote. Kazima. Nimebandika kipande cha boksi juu ya kitufe, nikazungushia gundi ya karatasi. Sasa Mfupi ana plasta kama aliyetoka hospitali.

Jumanne, 25 Machi

Amezima na plasta yake usoni.

Nikampigia kaka, nikamwambia safari hii hakuna aliyegusa kitufe. Akasema, "Mtoto alishazivuta waya huko nyuma, ndani kumelegea. Mashine hizi ni kama yai. Mzuie asikaribie."

Nilipokata simu nikamkuta mwanangu anauchezea waya wa skrini. Nikamchapa vidole. Si kwa nguvu, lakini nilimchapa. Hakulia mara moja. Alivitazama vidole vyake kwanza, kama anavihesabia makosa, ndipo akalia.

Nimempikia anachopenda, amekula, amesahau. Mimi sijasahau, ndiyo maana naandika.

Jumanne, 1 Aprili

Leo Mfupi alipozima, mtoto alikuwa kitandani, mbali. Akaruka chini, akaja mbele yangu, akaficha mikono yote miwili mgongoni. Hajui hata kusema sentensi, lakini hilo kajifunza.

Jumamosi, 5 Aprili

Dada Kamera amekuja mwenyewe, viatu mkononi kwa tope. Harusi ile imechelewa, akaitoa kwangu na kumpa mtu mwingine. Hakunifokea.

"Mimi si mkali," akasema, "ila bibi harusi anakuwa mkali kwa niaba yangu. Kanipigia mpaka simu imeogopa kulia."

"Dada, ni mashine, inazima wakati wa kuipika."

"Kwa nini inazima?"

Nikamtazama mtoto. Mungu anisamehe, nikamtazama mtoto.

Dada Kamera ameniachia harusi nyingine moja, mwisho wa mwezi. Amesema hiyo ikikwama, basi tubaki kusalimiana.

Jioni baba mtoto akanisikiliza mpaka mwisho. Ni mtu mpole, na upole wake ndio uliniua. "Mama," akaniambia, "kaka yako ndiye fundi, na amesema tatizo ni mtoto. Basi mtoto akae kwa mama kwa muda. Mashine itatulia, wewe utafanya kazi yako kwa nafasi. Hata ghalani huendi." Alidhani ananipa zawadi.

Nilikuwa nikifanya kazi hii ili mtoto abaki. Sasa mtoto anaondolewa ili kazi ibaki.

Jumatano, 9 Aprili

Mvua. Mama mkwe amepiga simu, ameuliza mtoto anavaa kiatu namba gani.

Jumamosi, 12 Aprili

Kaka amekula kwetu. Nilimtegemea yeye aniokoe, atafute dawa ya mashine. Badala yake baba mtoto akamweleza habari ya kumpeleka mtoto, na kaka akatafuna, akameza, akasema, "Shemeji, mmeamua vizuri. Mtoto akiondoka, mashine itapumua."

Nikasema, "Kaka, hakuna namna nyingine? Hatuwezi kubadili kitu ndani?"

"Kitu ndani ni kizima. Nje ndiko kuna Bi Kidole." Akamvuta mtoto sikio, mtoto akacheka, anampenda mjomba wake. Akaondoka mvua imekatika, mwavuli wake akausahau nyuma ya mlango.

Nilimwona mtu anayetutakia mema anayesema jambo gumu. Ndivyo nilivyomwona.

Alhamisi, 17 Aprili

Nimekaa chini jikoni kuandika, mgongo kwenye mlango. Nitaandika yote kama yalivyokuwa, kesho nisije nikajidanganya kwamba nilisikia vibaya.

Asubuhi nilimfunga mtoto mgongoni nikaenda kumpelekea kaka mwavuli wake. Mvua ikanikamata nikikaribia. Nikajibanza ubavuni mwa banda, chini ya bati, nikunje mwavuli kabla ya kuingia na maji. Ukuta wa banda ni mbao, na kati ya mbao na mbao unapita mkono. Ndani kulikuwa na mteja, mwanamume, ameleta kompyuta ndogo kama Mfupi ndani ya mfuko wa plastiki.

Mteja akasema, "Fundi, kadi kama ile uliyonionyesha, hii yangu itaibeba?"

Kaka akasema, "Hii? Hapana, usijaribu."

"Mbona inaingia?"

"Kuingia inaingia. Hata kuwaka inawaka, feni inazunguka, unafurahi. Ila pawa yake ndogo. Siku unampa kazi nzito, anazima. Ni kumtwika mbuzi mzigo wa punda. Na waya wenyewe wa kuungia unapata moto, unaweza kuyeyuka ukakuunguzia nyumba."

"Umeshaona, au ni maneno?"

"Nimeona. Kuna mtu mmoja nilimfungia. Inamzimia mpaka leo." Hapo akacheka, kicheko chake kile kile ninachokijua tangu nikiwa mdogo. "Bahati yangu wana mtoto mtundu. Kesi yote imemwangukia yeye."

Mteja naye akacheka. "Mtoto wa watu."

"Mtoto wa watu," kaka akaitikia.

Mimi nilikuwa nje. Maji ya bati yalikuwa yakinimwagikia vidoleni, sikuondoa mguu. Mtoto wa watu alikuwa amelala mgongoni kwangu, pumzi yake inanichoma shingo. Mtu mmoja. Kaka yangu kanipa jina, naitwa mtu mmoja.

Mteja akatoka, akaniona, akanisalimia. Akasema kwa kumsifia, "Fundi wako ni mwaminifu, dada. Wengine wangeniuzia tu." Nikaitikia. Sikujua nifanye nini kingine.

Nikaingia. Kaka akanitazama usoni, akaweka bisibisi chini.

"Umesikia."

"Nimesikia."

"Ingia ndani zaidi, mtoto analowa."

"Umesema waya unaweza kuunguza nyumba. Tunalala mle, kaka."

"Nilikuwa nije niuangalie ule waya."

"Lini? Jumamosi ulikuwa umekaa nao mgongoni ukila."

Akachukua kitambaa, akaanza kufuta meza iliyokuwa safi. Nikamuuliza, "Yule humjui hata jina. Mbona yeye umemwambia?"

"Yule akiungua atanitangaza mji mzima."

"Na mimi?"

"Wewe ni wangu," akasema. Alisema kama mtu aliyetoa sababu nzuri.

Ndipo akamwaga yote, macho yako mezani. Kwamba nilikuwa nimefurahi mno siku ile, akaona vibaya kunikatisha furaha. Kwamba kadi ilikuwa imemlalia muda mrefu, kila aliyeichukua aliirudisha. Kwamba wifi alikuwa hampi usingizi kwa habari ya cherehani. Kwamba alisema huenda itashika, maana nyingine hushika.

"Na mtoto?"

"Ule ulikuwa utani, dada. Ukakua wenyewe."

"Anapelekwa mbali kwa ajili ya huo utani. Wewe mwenyewe ulisema mmeamua vizuri. Nilikuwa nimekaa pale, nakupakulia."

Akakunja kile kitambaa, akakikunjua. Feni ya mashine mojawapo ilikuwa ikilia peke yake.

"Uje umwambie baba yake," nikasema. "Mimi sitaki cherehani, sitaki kitu. Uje useme ulivyomwambia yule mteja, maneno yale yale."

"Shemeji ataniona tapeli."

"Na mwanangu aonekane nani?"

"Mtoto hana jina la kuharibika," akasema taratibu, kama anayenituliza.

Jina analo. Yeye ndiye aliyempa, na tangu leo mimi simwiti kwa jina hilo tena.

Ameahidi kuja keshokutwa. Nimerudi, nimechomoa Mfupi ukutani kabla hata sijavua nguo mbichi. Mtoto alipoamka nilikaa naye chini nikaishika mikono yake, nikavibusu vidole, kimoja kimoja. Alifikiri ni mchezo. Akanipa na vya miguu.

Jumamosi, 19 Aprili

Hakuja.

Jumapili, 20 Aprili

Ametuma ujumbe kwamba njia imejaa maji. Majirani wa upande wake wamepita hapa na viatu vikavu.

Nimemwambia baba mtoto mimi mwenyewe. Akanisikiliza, akakuna kichwa. "Mama, juzi alikaa kwenye kiti hiki akasema ni mtoto. Leo unaniambia amesema ni kadi. Wewe hutaki mtoto aende, naelewa, hata mimi. Lakini usimpake kaka yako matope."

"Nikikuwashia ukaona inazima na mtoto hayupo?"

"Atasema ndani kumelegea, mtoto aliivuta zamani. Mimi nitajuaje? Si fundi."

Hakuna aliye fundi isipokuwa mwongo.

Mama mkwe amekwisha kukata tiketi. Anafika Jumamosi, anageuka na mtoto Jumatatu.

Alhamisi, 24 Aprili

Nimefua nguo za mtoto. Hazikauki, mvua. Nimefurahi hazikauki.

Jumapili, 27 Aprili

Jana sikushika kalamu.

Mama mkwe aliingia saa za mchana, mwembamba, mrefu, mkoba begani, tope halijamgusa, sijui alipita wapi. Mtoto alimtazama kama anayetazama mti. Baba mtoto alikuwa amemwita kaka aje amuage mpwa wake, na kaka akaja, kwa kuwa kuitwa na shemeji si kama kuitwa na mimi. Alikaa karibu na mlango. Hakunitazama.

Nilimimina chai. Mama mkwe akasema, "Haya, nielezeni. Mjukuu wangu ana ugonjwa gani hata aondolewe kwa mamaye? Mwanangu huyu akizungumza kwenye simu anakata maneno nusu."

Baba mtoto akaeleza: kazi, mashine, kuzima, mtoto. Mama mkwe akamgeukia kaka. "Wewe ndiye fundi?"

"Ndiye mimi, mama."

"Mtoto ndiye anayeizima?"

Nilimwangalia kaka yangu. Nilimpa nafasi hiyo yote, nikaombea koo lake. Akasema, "Mama, mtoto alivuta waya siku za nyuma, ndani kumelegea. Si kosa lake, ni utoto."

Kitu kikakatika ndani yangu, na cha ajabu, nikatulia. Nikasema, "Mama, si kweli. Mashine haiiwezi kadi aliyoiweka. Anajua."

Baba mtoto akasema, "Mama mtoto."

Mama mkwe akainua mkono. Akaniuliza mimi, si yeye. "Kabla ya hiyo kadi, mashine ilikuwa ikizima?"

"Hapana, mama. Ilikuwa nzito tu."

"Na mtoto alikuwepo?"

"Alikuwepo. Alikuwa akiipulizia."

"Mimi sijui kompyuta. Naujua ufunguo wa nyumba yangu. Nikibadilisha kitasa na mlango ukagoma, silaumu watoto." Akamchukua mjukuu wake, akaenda kukaa naye mwisho wa kitanda, mbali kabisa na meza. "Haya, washa. Ipe hiyo kazi nzito."

Nikamfungua Mfupi kifuniko ili waya uonekane, nikawasha, nikaanza kupika ile harusi aliyoniachia Dada Kamera. Feni zikapanda. Mstari wa skrini unaoonyesha kazi imefika wapi ukasogea kidogo. Kisha giza. Mtoto akashuka mapajani kwa bibi yake, akasimama katikati ya chumba, akaficha mikono mgongoni.

Mama mkwe alimwangalia mtoto muda mrefu. "Nani kamfundisha hivi?"

Mimi nililia bila sauti, nikawa naendelea na bisibisi huku nalia, maana alikuwa amekwisha sema, "Sasa kitoe hicho kidude."

Waya wa kuungia ulikuwa umebadilika rangi kwenye shingo, kahawia, kama mkate uliosahauliwa. Baba mtoto akaugusa, akaondoa kidole haraka. Akamtazama kaka. Kaka akatazama kikombe.

Nikaitoa kadi, nikawasha Mfupi mtupu. Mama mkwe akamleta mtoto, akamkalisha mezani kabisa, ubavuni mwa mashine. "Ipige ukitaka," akamwambia. Mtoto hakutaka mwanzoni. Baadaye akaipiga mbavuni, pa, pa, kama ngoma.

Mfupi akaenda kama konokono mwenye mzigo. Nje mvua ikaisha, ikaanza tena. Baba mtoto alisimama muda wote. Mstari ukatambaa, ukatambaa, ukafika. Hakuzima.

Mama mkwe akasema, "Mjomba, chai yako imepoa."

"Mama, mimi nilikuwa…"

"Kunywa tu, baba. Ya moto ilikupita."

Hakunywa. Aliaga mlangoni, akasema ana mteja. Baba mtoto hakumsindikiza. Mimi nilitaka kumsindikiza, nikabaki nimeshika bisibisi. Tangu nizaliwe hajatoka mahali nilipo bila kunigusa kichwa. Jana alitoka.

Jumanne, 29 Aprili

Mama mkwe hakuondoka. Amesema tiketi ni karatasi. Atakaa mpaka mvua ziishe, amshike mtoto mchana mimi nikikata. Anakoroma, anapanga upya sufuria zangu, na jana aliniambia mwandiko wangu ni mbaya. Simwogopi tena kama zamani.

Nilimweleza Dada Kamera kila kitu. Akasema ningemwambia mapema asingeninyang'anya ile ya kwanza. Atanitengenezea nakala nyepesi za picha, nikate hizo kwa Mfupi mtupu, halafu nimpelekee mpangilio wa vipande, aipike kwa picha zake nzito kwenye mashine yake kubwa. Kumbe kazi hii ingewezekana tangu mwanzo bila kadi. Kaka alilijua hilo pia. Bandani kwake ndiko nilikowaona watu wakifanya hivyo, na nilikuwa nimesahau.

Alhamisi, 1 Mei

Harusi ya Dada Kamera imetoka. Ameitazama mpaka mwisho, akasema, "Nakuletea nyingine." Baba mtoto amesema mtoto haendi popote. Alisema akiwa amemgeukia mtoto, lakini nilijua anasema nami. Sijui kama ndiyo samahani. Nimeipokea hivyo hivyo.

Jumapili, 4 Mei

Jua limetoka. Wifi ameleta ujumbe wa kaka, kwenye simu yake, ili mimi nisome na yeye aone ninavyosoma. Amesema nimemvua nguo mbele ya wakwe. Amesema kama kadi siitaki nimrudishie, amepata mtu wa kuichukua. Cherehani hakukitaja. Wifi amevaa gauni jipya, limeshonwa vizuri, nimelitambua kwa mshono.

Kadi nimempa wifi, ndani ya shati lile lile kuukuu. Nimemwambia wifi jibu nitaliandika mwenyewe, na tangu asubuhi nalitafuta. Kwanza niliandika matusi, nikafuta. Halafu nikaandika kwamba yamekwisha, nikafuta, kwa kuwa hayajaisha. Kila nikiosha vyombo namsikia anacheka na yule mteja.

Nadhani naanza kulipata. Kaka, si kadi wala si waya. Mgeni alikuuliza swali nililokuuliza mimi, ukampa yeye jibu la kweli. Mimi ulinipa utani. Siku ile ungesema tu haiwezi, ningelia mpaka jioni, kisha ningekupikia ukala, na kesho yake tungetafuta njia nyingine pamoja, na mimi bado ningekuwa na

naitwa, mama mkwe anasema njoo haraka uone, mtoto anaipulizia tena mashine, fuu, fu